ANGA LOTE LILE, NDEGE MBILI ZINAGONGANAJE?

Mhariri alinipa ukurasa wa sayansi akaniambia niandike "kitu chochote, bora kiwe na faida." Nimechagua jambo ambalo limeleta ubishi nyumbani kwetu hapa Iftin tangu mwezi wa tatu mwaka 2024, na kusema kweli ubishi wenyewe haujaisha.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Ukunda kule Diani. Ndani mlikuwa na watu 44: abiria 39 na wafanyakazi 5. Wakati huo huo ndege ndogo aina ya Cessna 172, ya shule ya urubani ya 99 Flying School, ilikuwa hewani na watu wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Ndege hizo mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson ikatua salama. Cessna ilianguka mbugani na wote wawili waliokuwamo wakafa.

Habari hii ilitufikia kwa redio. Sasa, dada yangu mkubwa alikuwa amekwisha chukua fomu ya kujiunga na shule ya urubani. Fomu ilikuwa mezani, imejazwa nusu. Hooyo alipoisikia habari, aliichukua ile fomu akaiweka juu ya kabati bila kusema neno, kisha akatoka nje akatazama juu. Mbingu ya Garissa mnaijua: hakuna mlima, hakuna ghorofa ndefu, mara nyingi hakuna hata wingu. Hupita ndege za kwenda Dadaab, hupita nyingine zikienda upande wa Somalia, kisha kimya. Hooyo akauliza: "Anga lote hili, ndege mbili zinagonganaje? Hawana macho?"

Dada alikosa jibu, na mimi pia. Kwa hivyo nilianza kusoma, na kumsumbua mwalimu wetu wa Fizikia. Haya ndiyo niliyoyapata. Nani alikosa siku ile mimi sisemi, hiyo ni kazi ya wachunguzi wa ajali za ndege. Ninachotaka kueleza ni kwa nini macho hayatoshi, na ni vyombo gani vimetengenezwa kuyasaidia.

VUMBI LISILOSOGEA

Jibu la kwanza sikulipata kitabuni. Nilikuwa nalo tayari ila sikujua kama ni jibu. Likizo moja nilipanda lori la abti, yaani mjomba wangu, tukafuata njia ya vumbi upande wa Balambala. Mimi nimekaa kushoto. Kule mbali kushoto kwangu nikaona vumbi la gari lingine, kwenye njia ambayo huko mbele inakutana na yetu. Vumbi lile lilikaa pale pale kwenye kioo, karibu na nguzo ya mlango. Tukaenda dakika nzima, halikusogea mbele wala nyuma. Nikamwambia abti, "Abti, gari lile limesimama."

Abti akacheka, akaondoa mguu kwenye mafuta. "Lingekuwa limesimama tungeliacha nyuma. Hatuliachi, nalo halitupiti. Basi linakuja pale pale tunapokwenda sisi." Muda si muda pikapu iliyojaa mbuzi ikakata mbele yetu, na dereva wake hata hakututazama.

Chukua karatasi, mwanafunzi mwenzangu. Chora mistari miwili iliyonyooka inayokutana mahali pamoja kama herufi V. Mmoja ni njia ya ndege ya kwanza, wa pili ni njia ya ndege ya pili, na pale zinapokutana ndipo zitagongana. Gawanya kila mstari vipande vinne vilivyo sawa, kila kipande ni sekunde kumi. Kisha unganisha alama ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu. Utaona mistari hiyo ya kuunganisha yote inaelekea upande mmoja, ni sambamba. Maana yake ni kwamba kila rubani, akimtazama mwenzake, anamwona upande ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Nukta haisogei kwenye kioo. Inakua tu.

Na jicho la binadamu, kama la paka, hushtuka linapoona kitu kinachosogea. Ndege ambayo itakupita salama ndiyo inayotembea kwenye kioo, na utaiona haraka. Ile itakayokugonga ndiyo iliyotulia kama doa la matope. Nilipomwonyesha Hooyo mchoro huu aliutazama kwa muda mrefu.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Ndege mbili ndogo, kila moja inakwenda kilomita 180 kwa saa, zinaelekeana uso kwa uso. Zinakaribiana kwa kilomita 360 kwa saa, yaani mita 100 kila sekunde. Cessna 172 ina upana wa mita 11 hivi kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya pili. Ikiwa mbali nawe kilomita 2, nyoosha mkono wako mbele: mabawa yote mawili yatakuwa na upana wa milimita 3 au 4 tu kwenye kidole chako, nusu ya punje ya mchele. Umebakiwa na sekunde 20. Zikibaki sekunde 10, ni punje nzima ya mchele. Zikibaki 5, ni milimita 14. Ikibaki sekunde moja, ni sentimita 7. Yaani kwa muda mrefu ni kidoa, halafu ghafla ni ndege nzima.

Rubani naye anahitaji muda gani? Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inawafundisha marubani kwamba tangu jicho lione kitu hadi ndege igeuke kweli kweli hupita sekunde 12.5. Kuona ni sehemu ndogo tu ya muda huo. Sekunde 5 nzima humalizika kabla akili haijatambua kwamba "huyu anakuja kwangu", na nyingine 4 katika kuamua nifanye nini. Ndege yenyewe huchukua sekunde 2 kuitika. Zidisha 12.5 kwa mita 100 upate mita 1,250. Katika umbali huo ile ndege bado haijafika punje ya mchele. Na hapo tumechukulia kwamba rubani alikuwa akitazama upande ule hasa, jua halikuwa machoni, na bawa halikumziba. Cessna ina mabawa juu ya kichwa cha rubani, kwa hiyo huona vizuri chini kuliko juu. Ndege nyingine zina mabawa chini, nazo huona vizuri juu kuliko chini. Weka ya pili juu ya ya kwanza zikishuka kwenda kutua, hakuna anayemwona mwenzake.

SHERIA ZA ANGANI

Msidhani angani ni holela. Zipo sheria, na nyingine ni za busara sana. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageuke kulia. Njia zikikatana, aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayempisha. Mwenye injini humpisha asiye na injini, kwa maana glaida, ile ndege inayoelea bila injini, haiwezi kuongeza mafuta ikakimbia.

Tena kuna mpango wa mwinuko. Anayeruka kwa kutegemea macho akielekea upande wa mashariki hushika maelfu witiri na kuongeza futi 500. Kwa mfano, kutoka Wilson kuja Garissa ni mashariki, basi rubani anaweza kushika futi 7,500 au 9,500. Anayerudi Nairobi, upande wa magharibi, hushika maelfu shufwa: 8,500 au 10,500. Wakipishana juu ya Mwingi, kati yao kuna futi 1,000.

Uzuri wa mpango huo unakwisha karibu na uwanja. Pale wote wanapanda au wanashuka, na wote wanalenga kipande kile kile cha lami. Ndiyo sababu migongano mingi ya ndege ndogo hutokea karibu na viwanja, tena mchana, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Wilson ni mfano mkubwa. Mama mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni yake ya ndege, Wilson Airways, mwaka 1929, na mwaka 1962 uwanja ukapewa jina lake. Leo pale pana ndege za watalii, za misaada, za miraa, za madaktari na za wanafunzi wanaozunguka uwanja wakijifunza kutua, zote kwenye njia mbili za kurukia. Wilson kuna mnara wa waongozaji. Viwanja vingi vidogo vya Kaskazini Mashariki havina. Huko rubani hujitangaza mwenyewe kwa redio: niko hapa, ninakuja kutua. Kama mwenzake ameweka masafa mengine, ametangazia upepo.

VYOMBO VINAVYOPIGA HODI

Tarehe 25 Septemba 1978, huko San Diego, Marekani, Boeing 727 iligongana na Cessna 172, ndugu ya ile ya Nairobi. Watu 144 walikufa. Marubani wa Boeing walikuwa wameambiwa na waongozaji kwamba kuna Cessna mbele yao, wakaiona, kisha ikawapotea machoni. Mwaka 1986 ndege ndogo nyingine iligongana na ya abiria juu ya Cerritos, karibu na Los Angeles, wakafa 82. Baada ya hapo bunge la Marekani likaamuru ndege za abiria ziwekwe chombo cha kuepusha migongano kiitwacho TCAS.

TCAS hufanya kazi kama mtu anayebisha hodi gizani. Hurusha wimbi la redio: "Hodi, kuna nani?" Ndege nyingine ikiwa na transponda, yaani redio inayojibu yenyewe bila rubani kuigusa, hujibu: "Niko hapa, mwinuko wangu ni futi kadhaa." Kwa kupima muda wa jibu kurudi, chombo hujua umbali. Kikiendelea kupiga hodi kila sekunde hujua zimebaki sekunde ngapi kabla ya kukutana. Kwanza humtahadharisha rubani kuwa kuna ndege karibu. Hatari ikizidi, sekunde 15 hadi 35 kabla, hutoa amri kwa sauti: panda, panda! au, shuka, shuka! Na ikiwa ndege zote mbili zina chombo hicho, vyombo vyenyewe hukubaliana kwanza, huyu apande na yule ashuke. Mimi hapo nilivua kofia.

Lakini chombo kinataka kusikilizwa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, chombo kiliwaambia marubani wa ndege ya Kirusi wapande, huku mwongozaji wa chini akiwaambia washuke. Wakamtii mtu. Ndege ya pili, ya mizigo, ilikuwa imekitii chombo chake nayo inashuka. Walikufa watu wote 71, wengi wao watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo. Tangu hapo sheria imewekwa wazi: chombo na mwongozaji wakitofautiana, fuata chombo.

Basi kwa nini kila ndege isipewe TCAS? Kwanza ni ghali na imeundwa kwa ajili ya ndege kubwa. Pili, na hili lilinishangaza, karibu na ardhi TCAS hunyamaza kwa makusudi. Ikiwa chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini haitoi amri ya kupanda wala kushuka, kwa sababu mtu hawezi kuambiwa "shuka" wakati chini yake ni paa za watu. Kwa hiyo pale pale penye msongamano, amri hazipo. Tatu, ndege isiyo na transponda haijibu hodi, na kwa TCAS ni kama haipo duniani.

Walioumia zaidi walikuwa watu wa glaida. Glaida hupanda kwa hewa ya moto inayotoka ardhini, kama tai na kongoti mnaowaona saa sita mchana wakizunguka juu ya mji bila kupiga bawa. Kenya nako mchezo huu umekuwako, kule Mweiga karibu na Nyeri. Sasa hewa nzuri ikipatikana mahali pamoja, glaida zote huja hapo hapo, zinazunguka pamoja kama tai juu ya mzoga, mita chache kati yao. Ukiwapa TCAS itapiga kelele tangu asubuhi hadi jioni.

Mwaka 2004 marubani wa glaida wa Uswisi wakaleta chombo chao kidogo, wakakiita FLARM. Hiki hakipigi hodi. Kila sekunde hupata mahali kilipo kutoka kwa setilaiti, hupima mwinuko, kisha hukadiria ndege yake itapita wapi katika sekunde 20 hivi zijazo, hata kama inazunguka. Makadirio hayo huyatangaza kwa redio yenye nguvu ndogo, inayofika kilomita chache tu. Glaida nyingine husikia, hulinganisha na njia yake, na zikielekea kukutana tu ndipo taa huwaka na kengele kulia. Zikizunguka pamoja kwa amani, chombo kinanyamaza.

Taa zake huonyesha upande kwa mtindo wa saa ya ukutani, jinsi marubani wote wanavyosema: mbele ni 12, kulia ni 3, nyuma ni 6, kushoto ni 9. Hapa ndugu zangu wa Kiswahili naomba tusimame kidogo. Rubani Mswahili akiambiwa "kuna ndege saa tatu", atafikiria nini? Saa tatu yetu mshale uko kwenye 9! Atatazama kushoto na ndege inatoka kulia. Nilimwambia mwalimu kwamba siku tukianza kurusha ndege kwa Kiswahili itabidi tuseme "kulia" na "kushoto" tu, tuachane na saa. Alicheka, lakini hakupinga.

Siku hizi kuna mfumo mwingine, ADS-B, ambapo ndege hutangaza mahali ilipo karibu kila sekunde bila kuulizwa, na yeyote mwenye kipokezi anasikia: mnara, ndege kubwa, hata ndege ndogo. Tangu Januari 2020 Marekani imeulazimisha katika sehemu kubwa ya anga linaloongozwa. Vimetoka vifaa vidogo vinavyoingia mfukoni, rubani anakibandika kwenye kioo na kuona wenzake kwenye simu yake. Uingereza mwaka 2020 ilianza kuwarudishia wenye ndege ndogo nusu ya bei ya vifaa hivyo, hadi pauni 250. Serikali ya kule iliona kwamba kifaa cha jirani kinamlinda kila mtu, kwa hiyo si haki mmoja alipe peke yake. Kwa maoni yangu hilo ni wazo ambalo hata sisi tungelifikiria kabla ya kuongeza mikutano.

Maana udhaifu wa vyombo hivi vyote ni mmoja: kimoja peke yake ni kama simu ya kwanza kijijini, utampigia nani? FLARM ya zamani haisikii TCAS, TCAS haimjui asiye na transponda, na betri ikiisha hewani hakuna anayejua. Tai naye hatabeba chombo chochote. Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege yenye michirizi ya punda milia, alikufa tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege yake kugongana na tai. Kwa hiyo macho bado yanahitajika. Chombo humwambia rubani atazame wapi, naye humalizia kwa macho.

Niliyasoma haya yote kwa Hooyo jioni moja, nikimtafsiria kwa Kisomali. Alinyamaza, halafu akamwuliza dada, wala si mimi: "Hiyo ndege ya kujifunzia utakayopanda, ina transponda? Inafanya kazi? Na nani anaikagua?" Dada hakujua. Hooyo akasema, "Basi nenda kaulize, uje na jibu." Dada ameandika maswali saba kwenye daftari na anawapigia simu shule za urubani moja moja. Fomu iko bado juu ya kabati.

ZOEZI

1. Ndege moja inakwenda kilomita 240 kwa saa, nyingine 300, uso kwa uso. Rubani akihitaji sekunde 12.5, lazima aione nyingine ikiwa umbali gani?

2. Thibitisha kwa pembetatu zinazofanana kwamba mistari ya kuunganisha katika mchoro wetu wa V ni sambamba.

3. Tupendekezee neno la Kiswahili la "transponda". Mimi nimefikiria "kiitikia", lakini katibu wa chama anasema linafanana na kiitikio cha wimbo. Majibu yapelekwe kwake kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao.